Kea, Sumu na Kipande cha Mkate

Mwezi Mei 2025 serikali ya New Zealand ilitangaza katika bajeti yake kwamba Predator Free 2050 Limited, kampuni ya umma iliyokuwa ikigharimia sehemu ya mpango wa kuwatokomeza panya, posamu (mnyama wa mitini mwenye mfuko, asili yake Australia) na vicheche wa kigeni ifikapo mwaka 2050, itavunjwa na majukumu yake kuhamishiwa Idara ya Uhifadhi. Novemba mwaka huohuo Waziri wa Uhifadhi, Tama Potaka, akatangaza kwamba paka wa porini nao wataingizwa katika orodha ya wanyama wanaolengwa na mpango huo. Ni rahisi kuzisoma habari hizi mbili kwa namna mbili zinazopingana. Mmoja atasema serikali imenawa mikono, na kwamba ndege wa asili wa nchi ile sasa wameachiwa watu wa kujitolea. Mwingine atafarijika, akidai kwamba watu wa kujitolea ndio waliokuwa wakifanya kazi yenyewe tangu mwanzo na kampuni ilikuwa urasimu tu. Makala hii inashikilia kwamba wasomaji hao wawili wanakosea jambo moja, na kosa lao huonekana vizuri zaidi ukimtazama kea, kasuku wa milima ya Kisiwa cha Kusini. Wote wanaichukulia kazi ya jamii na kazi ya dola kuwa vitanga viwili vya mzani mmoja, kimoja kikipungua kingine kiongezwe. Kwa kea mambo hayaendi hivyo, kwa sababu mwenendo wa watu wa kawaida vijijini, barabarani na katika maegesho ya magari ndio unaochangia kuamua kama kazi ya dola itamwokoa ndege huyu au itamuua.

Kea ni kasuku mkubwa wa rangi ya kijani kama ya zeituni, mwenye manyoya ya rangi ya chungwa chini ya mbawa ambayo huonekana pale tu anaporuka. Jina lake ni la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na linafuata mlio wake. Vitabu vingi humtambulisha kuwa kasuku pekee duniani wa milima mirefu yenye theluji, lakini hata sifa hiyo inahitaji kuangaliwa upya: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walizilinganisha jenomu zake (jumla ya chembe zake za urithi) na za ndugu yake wa misitu ya chini, ambaye kwa sadfa inayomfurahisha msomaji wa Kiswahili anaitwa kaka, wakaona hakuna tofauti kubwa ya kimaumbile inayoonyesha kwamba kea aliumbwa kwa ajili ya vilele peke yake. Mabaki yake ya kale yamepatikana pia katika maeneo ya chini. Inawezekana basi kwamba mlima kwake ni mahali alipokimbilia baada ya binadamu na mifugo kuchukua tambarare. Idadi yake leo hukadiriwa kuwa kati ya 3,000 na 7,000, waliotawanyika katika eneo la takriban hekta milioni 3.5. Ukichukua makadirio ya katikati, ni ndege mmoja kwa kila hekta 700 za miamba, misitu na mabonde, na hesabu hiyo itatufaa baadaye.

Ndege huyu hakupungua kwa bahati mbaya. Wafugaji wa Kizungu walipopandisha kondoo milimani katika karne ya 19, haikuchukua muda kabla ya wachungaji kulalamika, kuelekea mwisho wa miaka ya 1860, kwamba kea wanatua migongoni mwa kondoo walio hai na kudonoa hadi kufikia mafuta yaliyo karibu na figo. Kwa muda mrefu wapenzi wa ndege walilipuuza dai hilo kama ngano za wachungaji, lakini lilikuwa kweli, na limethibitishwa mara nyingi. Kondoo aliyedonolewa hufa mara nyingi kwa sababu ya bakteria wanaoingia kidondani kuliko kwa kidonda chenyewe. Serikali na wafugaji wakaanza kulipa zawadi kwa kila mdomo wa kea ulioletwa, na katika muda wa takriban miaka mia moja inakadiriwa kea 150,000 waliuawa. Ulinzi wa nusunusu ulikuja mwaka 1970, na ulinzi kamili wa kisheria mwaka 1986 tu. Mtu aliyewahi kuamia mpunga, kama nilivyoamia mimi utotoni, anaelewa jinsi subira ya mkulima inavyokwisha mbele ya ndege anayerudi kila unapogeuka. Hata hivyo hakuna shamba la mpunga nilijualo lililolipia vichwa vya ndege kwa karne nzima.

Bunduki ziliponyamaza ilitarajiwa kwamba ndege atarejea. Hakurejea kama ilivyotarajiwa, na kisa kikubwa ni namna anavyotaga. Kea hujenga kiota ardhini, ndani ya mapango madogo chini ya mizizi na miamba, na makinda hukaa humo kwa miezi kadhaa kabla ya kuruka. Katika nchi ambayo haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha zaidi ya popo, maficho hayo yalitosha. Kisha wakaja panya, posamu wa Australia, paka na, miaka ya 1880, vicheche wa Ulaya walioletwa makusudi ili wale sungura waliokuwa wakimaliza malisho. Kicheche ni mwembamba kiasi cha kuingia katika kila tundu aingialo kea, na humla yai, kinda na jike aliyelalia. Kosa la aina hii tunalifahamu Waswahili: miaka michache baadaye, katika muongo wa 1890, kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar wasaidie kusafisha taka, na mpaka leo Dar es Salaam na Mombasa zinahangaika nao. Lakini kunguru anaonekana juu ya kila paa. Kicheche wa milima ya New Zealand haonekani, na idadi yake hupanda ghafla katika ile miaka ambayo misitu ya asili huzaa mbegu kupita kiasi, kama ilivyokuwa 2014 na 2019: mbegu huzalisha panya, panya huzalisha vicheche, na panya wanapopungua vicheche wenye njaa hugeukia viota.

Hapo ndipo jamii zinapoingia, na ni vizuri kueleza kwa utulivu wanachokifanya hasa, kwa sababu picha inayosambaa mitandaoni ni ya watalii wakicheka kea anang'oa mpira wa kioo cha gari. Kazi ya kwanza ni ya misumari. Mapaa ya zamani ya vibanda na nyumba za milimani yalipigwa misumari yenye vichwa vya madini ya risasi na kuzibwa kwa mabati laini ya madini hayohayo. Risasi ina ladha ya utamutamu, na kea, ambaye hukijaribu kila kitu kwa mdomo, huitafuna. Uchunguzi wa damu za kea wanaoishi karibu na makazi ya watu umeonyesha mara kwa mara kiwango cha risasi kinachodhuru ubongo na kuua. Lugha yetu ina neno moja tu kwa vitu hivi viwili, na sidhani kama kuna lugha iliyowahi kuieleza historia ya ndege huyu kwa ufupi zaidi: aliponea risasi ya bunduki, akaifuata risasi ya paa. Shirika la Kea Conservation Trust, lililoanzishwa mwaka 2006, limekuwa likifanya kazi na wenye nyumba na Idara ya Uhifadhi kung'oa misumari hiyo, jengo baada ya jengo, katika vijiji kama Arthur's Pass. Ni kazi ya ngazi, nyundo na mazungumzo marefu na mwenye nyumba ambaye paa lake halivuji na haoni sababu ya kuguswa kwake.

Kazi ya pili ni ya mashamba ya kondoo. Mfugaji aliyepoteza kondoo akipiga simu na asijibiwe na mtu, kuna hatari atajitafutia suluhisho mwenyewe usiku, na hakuna askari wa wanyamapori atakayejua. Ndiyo maana shirika hilo limejenga utaratibu wa kuitikia malalamiko: watu wanafika shambani, wanaangalia kama kweli ni kea, wanashauri kondoo wachanjwe dhidi ya bakteria wale, wahamishwe kutoka mabonde ya theluji mapema, na vitu vinavyowavutia ndege viondolewe. Chanjo hiyo, ambayo kwa gharama ni jambo dogo, inaondoa sehemu kubwa ya sababu ya uadui. Kazi ya tatu ni ya kuhesabu. Wapanda milima hutuma taarifa za kea waliowaona pamoja na rangi za pete za miguuni, na jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko yote ni kwamba wanahimizwa kutuma pia saa walizotembea bila kuona hata mmoja. Mtu hapendi kuripoti kutokuona kitu, ilhali kwa mtakwimu saa sita za mlima mtupu zina thamani sawa na kundi la ndege kumi.

Mafanikio haya ndiyo yanayowatia nguvu wale wanaosema jamii inatosha. Hoja yao ina uzito. Vikundi vya kujitolea, kama Friends of Rotoiti katika hifadhi ya Nelson Lakes, vimetega na kukagua mitego kwa miaka zaidi ya 20 bila kusubiri kampuni wala waziri, na mtu anayepanda bonde lilelile kila mwezi anajua mambo ambayo ofisi ya Wellington haiwezi kuyajua. Lakini hebu turudi kwenye zile hekta 700. Mstari wa mitego unalinda bonde, wala haulindi safu ya milima. Sehemu kubwa ya makazi ya kea haina njia, na kuna mabonde yasiyofikika miezi ya theluji. Isitoshe, kea mwenyewe si mshirika mtiifu. Katika milima ya Murchison, Fiordland, watafiti waligundua kwamba mitego ya vicheche ilikuwa ikifyatuliwa na vijiti vilivyochomekwa ndani ya masanduku, na waliovichomeka walikuwa kea, wakitafuta yai la chambo au, inavyoelekea, wakijifurahisha tu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Ndege tunayemlinda anaiharibu silaha tunayomlindia, na hilo halitatatuliwa kwa kuongeza idadi ya watu wenye moyo mwema.

Kwa sababu hiyo Idara ya Uhifadhi hutegemea sumu ya 1080, inayomwagwa kwa helikopta ikiwa ndani ya vidonge vya nafaka katika misitu mikubwa, hasa miaka ya mbegu nyingi. Kicheche hafi kwa kula kidonge bali kwa kumla panya aliyekula kidonge. Kemikali yake, sodiamu floroasetati, si uzushi wa maabara peke yake, kwani kuna mimea ya jenasi ya Dichapetalum barani Afrika, Tanzania ikiwamo, inayoitengeneza kiasili na kuua mifugo inayoila. Upinzani dhidi yake nchini New Zealand ni mkali, na hautoki kwa wajinga. Wawindaji hupoteza mbwa. Watu wa vijijini hawapendi kumwagiwa sumu kutoka angani na watu wa mjini. Na kea nao hufa. Mwaka 2008, katika operesheni moja upande wa magharibi wa milima, kea 7 kati ya 17 waliokuwa wamefungwa vifaa vya redio vya kuwafuatilia walikufa. Mtu anayesoma takwimu hiyo na kuuliza kama huu ni uhifadhi ana haki ya kuuliza, na majibu ya kumkebehi yamewaharibia wahifadhi sifa zaidi kuliko wanavyodhani.

Upande wa pili nao una takwimu zake. Huko Okarito, pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, utafiti uliofuatilia viota kabla na baada ya sumu ulionyesha kwamba uwezekano wa kiota kufanikiwa ulipanda kutoka takriban asilimia 46 hadi takriban asilimia 85, wakati katika eneo la kulinganishia lisilomwagwa sumu mafanikio yalikuwa madogo na yakazidi kushuka. Kamishna wa Bunge wa Mazingira, Jan Wright, alipochunguza suala zima mwaka 2011 alihitimisha kwamba sumu hiyo iendelee kutumika, tena kwa wingi zaidi. Kwa ndege anayeishi miaka mingi na kutaga mara chache, hesabu ni ya kuwapima wakubwa waliokufa kwa sumu dhidi ya majike na makinda ambao vicheche wangewaua katika miaka inayofuata. Mara nyingi hesabu hiyo huangukia upande wa sumu, lakini si kila mahali, na ndani ya hizo tofauti za mahali na mahali ndimo kilipo kiini cha hoja yangu.

Ukichunguza ni wapi kea wanakufa kwa 1080, unakuta jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila maegesho ya milimani. Hatari ni kubwa kwa kea wanaoishi karibu na sehemu ambazo ndege wamezoea kuokota na kuomba chakula cha watu: vituo vya kuteleza theluji, mikahawa ya njiani, foleni ya magari mbele ya handaki la barabara la Homer huko Fiordland. Kea wa mabonde ya mbali, asiyewahi kuonja biskuti, hupita karibu na kidonge cha nafaka bila kukijali zaidi ya jiwe. Yule wa maegesho ameshafundishwa kwamba vitu vigeni vya rangi ya ajabu vinavyoanguka kutoka kwa watu ni chakula. Idara imejaribu dawa za kumkirihisha kea na chambo na imeweka masharti kuhusu mahali vidonge vinapoweza kumwagwa, na hizo ni hatua njema, ila zinajaribu kufuta somo ambalo mtalii mmoja analirudia kila adhuhuri. Kwa hiyo kijana wa kujitolea anayesimama kwenye upepo wa Arthur's Pass akimwomba mgeni asitupe kipande cha mkate hafanyi kazi ya adabu za utalii. Anaipunguzia makali helikopta itakayopita miezi kadhaa baadaye. Hakuna bajeti ya serikali inayoweza kununua matokeo hayo kwa kuongeza saa za helikopta, na hakuna kikundi cha jamii kinachoweza kuyafikia mabonde ya mbali kwa kuongeza mitego. Kila upande unashika ufunguo wa mlango wa mwenzake.

Kuna hoja moja niliyoiacha kwa makusudi kwa kuwa ni dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kea hawajapungua, maana kila anayepita milimani anawaona. Wanaosema hivi hawadanganyi. Wamewaona kweli. Lakini kea wanaokusanyika penye watu ni wengi wao vijana, hasa madume, wanaozurura kwa makundi miaka kadhaa kabla ya kuzaliana. Kundi lilelile la ndege tisa linaweza kupigwa picha na watu mia nne kwa wiki. Majike wanaolalia mayai, ambao maisha ya jamii nzima ya kea yanawategemea, wako ndani ya mapango ya msituni ambako hakuna mkahawa. Kuwahesabu kea kwenye maegesho ni sawa na kuhesabu watu wa kijiji kwa kusimama kijiweni kwa vijana saa kumi jioni. Binamu wa hoja hii ni ile isemayo kwamba ndege mwenye akili kiasi hiki atajitafutia njia. Kea ameonyesha maabara kwamba anaweza kukadiria uwezekano wa mambo, na yuko Bruce wa Christchurch, aliyepoteza mdomo wa juu, ambaye hushika kokoto kwa ulimi ili kujisafishia manyoya. Akili hiyo ni ya kweli na ndiyo iliyomfikisha kwenye misumari ya risasi na magurudumu ya magari. Haina msaada wowote kwa jike aliye ndani ya tundu lenye mlango mmoja.

Tukirudi sasa kwenye uamuzi wa 2025, swali la maana si kama kampuni ilistahili kufa. Idara ya Uhifadhi inaweza kabisa kusimamia sumu na mitego. Ilikuwa ikifanya hivyo kabla kampuni haijazaliwa. Swali ni kama Idara, ikiwa na fedha chache, itakumbuka kwamba misumari, chanjo za kondoo na watu wa maegesho ni sehemu ya udhibiti wa wanyama waharibifu na si mapambo yake. Kazi hizo haziui panya hata mmoja, hivyo hazionekani katika jedwali lolote la mafanikio ya 2050, na kile kisichoonekana kwenye jedwali ndicho hukatwa kwanza. Kuingizwa kwa paka katika orodha kunastahili pongezi, kwa kuwa paka wa porini huwaua kea, hata wakubwa. Lakini paka, tofauti na kicheche, ana wenyewe vijijini, na mwenye paka atasikiliza jirani yake mapema kuliko tangazo la wizara. Vilevile kabila la Kimaori la Ngāi Tahu, ambalo sheria ya maridhiano ya 1998 inautambua uhusiano wake na kea kuwa ni wa hazina ya kurithi, halipaswi kuulizwa maoni baada ya ramani za helikopta kuchorwa. Likishirikishwa tangu mwanzo, litakuwa na la kusema kuhusu bonde lipi limwagwe sumu mwaka huu na lipi lisubiri hadi ndege wake waache mazoea ya kuomba.

Hilo la kusubiri ndilo ningependa kuliona likiandikwa katika utaratibu rasmi. Kabla ya kumwaga 1080 karibu na sehemu ambayo kea wamezoea watu, Idara ingetakiwa kuonyesha kwamba msimu mmoja kamili wa kuzuia ulishaji umefanyika hapo, kwa watu waliolipwa, na kwamba takwimu za wapanda milima, zikiwamo zile saa za kutoona kitu, zimechukuliwa kabla na zitachukuliwa baada. Ingegharimu mishahara ya watu wachache kwa miezi kadhaa. Miti ya misitu ile haifuati kalenda ya bajeti, na itakapozaa tena kwa wingi, helikopta zitaruka ama maegesho yametayarishwa ama hayajatayarishwa.